Faili la Mwenzetu Si Letu

Waulize watumishi wa hospitali zetu kwa nini faili la nesi aliyelazwa wodi ya pili limepita mikononi mwa watu wasiomtibu. Watakujibu kwa utulivu, tena kwa nia njema, kwamba huyu ni mwenzetu na sisi si watu wa nje. Wote tumekula kiapo, wote tunajua kutunza siri, na siri ikishaingia getini haitoki. Akisoma mtu wa maabara, akisoma daktari wa wodi nyingine, akisoma wa masjala, imebaki ndani ya familia. Tutamchangia vipi bila kujua anaumwa nini? Zamu tutazipangaje? Na akizidiwa usiku, nani atamhudumia kama si sisi?

Huu ndio mtazamo uliotawala, na ninaupinga wote, sehemu ya upendo na sehemu ya utaratibu. Mwenye haki ya kufungua faili ni anayemtibu mgonjwa huyo, kwa wakati anaomtibu, na kwa kiasi anachohitaji ili amtibu. Wengine wote waliovaa koti jeupe ni watu wa nje mbele ya faili hilo, sawa na dereva wa bajaji aliyemleta mgonjwa getini. Na pale mgonjwa anapokuwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo, kanuni hii inapaswa kukazwa mara mbili. Sisi tunafanya kinyume. Faili la mkulima wa viazi kutoka Umalila linalala salama, kwa kuwa hakuna anayemjua wala anayejali. La nesi tunayekunywa naye chai ndilo linalozunguka.

Nayaandika haya nikiwa Uyole, na mahali hapa pana maana yake katika jambo hili. Uyole ni njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inaachana hapa na ile inayoteremka Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Anayepanda koasta alfajiri huonekana na wengi, na wengi wanamjua. Watumishi wa hospitali za jiji wamepanga hapa, Igawilo, Isyesye na mitaa ya jirani. Mtunza kumbukumbu wa masjala ndiye mweka hazina wa kikoba. Nesi wa wodi ya watoto na mama wa usafi wanaimba kwaya moja Jumapili. Mtu wa maabara anakaa nyumba moja na shemeji yako. Kwa hiyo ukiniambia siri imebaki ndani ya hospitali, nakuuliza hospitali hiyo inaishia wapi. Saa tisa alasiri zamu ya asubuhi imekwisha, na hospitali nzima iko Mwanjelwa inanunua mboga.

Sasa tuutaje ugonjwa ambao hasa ndio unaozungumzwa pembeni. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023, yaliyotangazwa Desemba 2023, yalionyesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kitaifa. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo iliyo juu kabisa. Manesi na matabibu wetu wamezaliwa humuhumu, wameoa na kuolewa Mufindi, Makete na Rungwe. Kama hali yao inafanana na ya jamii wanamoishi, basi katika kila watumishi mia moja wa afya mkoani Iringa, wapatao kumi na mmoja wanaishi na virusi. Wapo kwenye kila wodi. Wapo kwenye kliniki ya tiba na matunzo, ile CTC, wakiwahesabia wengine vidonge.

Nesi wa CTC anajua kwa uhakika nani anasoma daftari la wagonjwa wa kliniki hiyo, maana yeye mwenyewe amekuwepo likisomwa. Amesikia jina la mwalimu fulani likitajwa kwa sauti ya chini wakati wa chai. Basi siku kipimo chake kinapotoka, hahitaji kuelezwa chochote. Anapanda gari. Wa Mbeya anateremka Tukuyu, au anakwenda Chimala, au anapanda milima hadi Ikonda. Wa Iringa mjini anatafuta hospitali ya misheni ambako hakusoma na hana aliyesoma naye. Wanaofanya kazi kwenye kliniki hizi wanalijua jambo hili vizuri: mgonjwa anayekuja kutoka mbali, anayejibu maswali kwa maneno ya kitaalamu kisha anajikatisha, anayeulizwa kazi yake na kusema anafanya biashara. Utaratibu wa kutoa dawa za miezi mitatu au sita umempunguzia safari. Haukumwondolea sababu ya kusafiri.

Hesabu gharama zake. Nauli ni ndogo kuliko yote. Kuna ruhusa ya kuombwa kwa mganga mfawidhi, na kila ruhusa inataka sababu, kwa hiyo shangazi anakufa mara mbili kwa mwaka. Kuna siku ya kliniki iliyoangukia zamu ambayo hakuna wa kubadilishana, dozi ikakatika. Kuna wasiosafiri kabisa: wanaojipima chumbani, wanaojiandikia dawa, wanaokohoa miezi miwili kwa kuwa kupeleka makohozi maabara ni kuyapeleka kwa rafiki. Na watumishi wa afya ndio walio karibu zaidi na kifua kikuu. Mtu anayekaa na wagonjwa wanaokohoa siku nzima, halafu akaogopa kupimwa kohozi lake, ni hatari kwa wodi nzima, na woga huo sisi ndio tuliompa.

Halafu kuna faili la uongo. Nesi anajiandikisha Tukuyu kwa jina la ukoo wa mama yake na kupewa namba ya CTC ya jina hilo. Miezi kadhaa baadaye anaugua kifua kikuu akiwa kazini kwake, ambako faili lake la jina halisi ni safi. Daktari anamwanzishia dawa zenye rifampisini. Kila aliyesomea tiba anajua kwamba rifampisini inapunguza dolutegravir, dawa ya VVU, mwilini, na kwamba mgonjwa anayetumia zote mbili anapaswa kuongezewa dozi ya dolutegravir, ameze asubuhi na jioni badala ya mara moja. Daktari huyu ataongezaje dozi ya dawa asiyojua kwamba inatumika? Wanaosema milango ya mafaili iachwe wazi ili mwenzetu ahudumiwe haraka hawalioni hili: uwazi huo ndio unaomfanya mwenzetu asiandike ukweli. Faili linalosomwa na kila mtu haliandikwi la maana ndani yake. Hospitali isiyolinda inaishia kutojua.

Ile hoja ya upendo naiheshimu, kwa sababu naijua inatoka wapi. Hapa kwetu mtu akiumwa tunakwenda. Tunachanga, tunapika, tunapokezana kulala hospitalini. Hakuna mtu wa Mbeya anayetaka kuuacha utamaduni huo, nami sitaki. Lakini kuchanga hakujawahi kuhitaji jina la ugonjwa. Mtu wa mtaani anapopeleka sukari na mchele kwa jirani aliyelazwa hafungui faili. Anasema pole, anauliza anaendeleaje, na anapokea jibu atakalopewa. Mgonjwa akitaka kusema zaidi atasema. Mtumishi wa afya naye ana mdomo. Aingie wodini, amuulize mwenzake: dada, tukusaidie nini? Anayekwenda kwanza masjala na baadaye kitandani, huyo ameanza na kitu kingine, na nina mashaka makubwa kama ni upendo.

Tazama pia yanayofuata baada ya huruma hiyo. Nesi aliyesomwa faili anaondolewa chumba cha kujifungulia kwa maneno matamu, eti apumzike. Jina lake linarukwa kwenye orodha ya mafunzo kwa kuwa hali yake si nzuri. Kikoba kinasita kumkopesha, na hakuna anayesema kwa nini. Kikombe chake kinaanza kukaa peke yake kabatini. Hakuna hata mmoja katika hao aliyetoa siri nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja aliyekosa kuitumia.

Hapo ndipo kosa kubwa la mtazamo huu lilipo. Unadhani kuvunja siri ni kuipeleka nje: gazetini, mtaani, kwenye kundi la simu. Kufungua tu, kwa kuwa hukusema kitu, kunahesabiwa kuwa si kosa. Mimi nasema kosa limekamilika pale faili linapofunguliwa na asiye na kazi nalo. Sheria zetu nazo zinaelekea huko, ingawa wachache wamezisoma. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inamtaka kila anayeshika taarifa za vipimo, akiwamo mtunza kumbukumbu, azitunze kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na imeundiwa Tume yake. Sioni katika sheria hizo kifungu kinachosema isipokuwa kwa wafanyakazi wenzake.

Mwaka uleule wa 2008 sheria ya UKIMWI ilipopita kwetu, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ambayo ingeweza kutokea Uyole bila kubadilishwa neno. Mlalamikaji alikuwa nesi wa Finland, na jina lake mahakama ililificha. Kati ya 1989 na 1994 alifanya kazi kwa mikataba ya muda kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya umma. Tangu 1987 alikuwa akitibiwa VVU kwenye kliniki ya magonjwa ya kuambukiza ya hospitali hiyohiyo. Mapema 1992 alianza kuhisi kwamba wenzake wanajua. Wakati huo wafanyakazi wa hospitali walikuwa na uhuru wa kuingia kwenye rejesta ya wagonjwa na kusoma. Alipolalamika, ruhusa ilibanwa, naye akaandikishwa kwa jina la bandia. Mkataba wake ulipokwisha haukuhuishwa tena.

Akataka kujua nani alifungua faili lake. Hospitali ikajibu kwamba haiwezekani kujua. Mfumo ulikuwa ukitunza mara tano za mwisho tu, na hata hizo ulitaja kitengo, si mtu. Faili likirudi masjala, hata hizo zinafutwa. Mahakama za Finland zikamwambia hana ushahidi, na akashindwa kila ngazi. Tarehe 17 Julai 2008 mahakama ya Ulaya ilipindua mantiki hiyo. Ilisema kumtaka mgonjwa athibitishe nani alisoma, wakati hospitali ndiyo iliyoshindwa kutunza kumbukumbu za nani alisoma, ni kufumbia macho upungufu huo wa hospitali. Nchi haikutimiza wajibu wake kwa kuwa na sheria nzuri tu. Ilipaswa kuwa na ulinzi unaofanya kazi, unaomzuia asiyehusika asiingie kabisa. Nesi yule hakuhitaji kumtaja mwenzake hata mmoja kwa jina.

Hukumu hiyo haitubani sisi, lakini hoja yake haina uraia. Nenda kwenye hospitali zetu zinazotumia mfumo wa kompyuta, GoT-HOMIS au mwingine, uangalie jinsi kazi inavyokwenda wagonjwa wakijaa. Mmoja anaingia asubuhi kwa paswedi yake, na kompyuta inabaki wazi hadi jioni. Wanafunzi wa mazoezi wanatumia paswedi ya daktari. Nesi mgeni ambaye hajapewa ya kwake anapewa ya aliyekwenda likizo. Nawaelewa, foleni ni ndefu na kompyuta ni moja. Lakini katika hali hiyo, hata mfumo ukiandika kila mguso, unaandika jina la mtu ambaye huenda yuko shambani kwake Inyala anapalilia. Mgonjwa akilalamika, tutampa jibu lilelile la Finland ya 1992.

Wapo wanaoniambia: na usalama wetu je? Mwenzangu ana maambukizi, tunashika sindano pamoja, nina haki ya kujua. Hoja hii inasemwa kwa hofu ya kweli, kwa hiyo ijibiwe kwa uzito. Ukijichoma sindano, kinga yako ni kuripoti mara moja na kuanza dawa za kuzuia maambukizi ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Damu inayokuhusu ni ya mgonjwa uliyekuwa unamhudumia, na upo utaratibu wa kumpima kwa ridhaa yake. Glavu, boksi la sindano na kutorudishia kifuniko vinakulinda dhidi ya watu wote, pamoja na wale ambao hakuna faili linalowataja kwa kuwa hawajapimwa. Mwenzako aliye kwenye dawa na virusi vyake vimefubaa si wa kuogopa. Wa kuogopa ni asiyejua hali yake, na hasomeki popote.

England walilipitia hili mwaka 1987. Mtumishi mmoja au zaidi wa mamlaka ya afya walichukua taarifa kutoka kumbukumbu za hospitali na kulipatia gazeti majina ya madaktari wawili waliokuwa wakitibiwa UKIMWI. Gazeti likajitetea kwamba umma una haki ya kujua. Mahakama ilikubali kwamba umma una maslahi fulani katika jambo hilo, kisha ikazuia majina yasichapishwe, kwa sababu madaktari wakiona kumbukumbu zao zinauzwa hawatakwenda kutibiwa, na umma utakuwa katika hatari kubwa zaidi. Miaka karibu arobaini imepita tangu hukumu hiyo, na sijaona hoja mpya iliyoipangua.

Suala la zamu ni jepesi. Daktari anayemtibu mtumishi anaandika ED: siku ngapi asifanye kazi, na akirudi asifanye nini, kama vile zamu za usiku au kubeba wagonjwa. Mfawidhi anahitaji hayo kupanga ratiba. Jina la ugonjwa halimsaidii kupanga chochote.

Na usiku wa dharura? Mwenzetu ameanguka kazini, hajitambui. Aliye zamu afungue faili lake lote, asome kila kitu, na aandike pale pale kwamba alifungua kwa sababu hii, saa hii. Hakuna anayempinga. Huyo sasa ndiye anayemtibu. Dharura ya mtu mmoja usiku mmoja haiwezi kugeuzwa kuwa ruhusa ya watu themanini mwaka mzima.

Nimeona pia wanaojaribu kulitatua kwa kabati. Mafaili ya watumishi yanafungiwa ofisini kwa mfawidhi, ufunguo mmoja. Nia ni nzuri, lakini kabati lenyewe linatangaza. Kila mtu anajua kilichomo, na anayepelekwa pale amekwisha kutambulishwa. Aliye na malaria faili lake liko masjala. Ukiona la nesi halipo masjala, umejua. Ulinzi unaowafaa watumishi ni uleule unaomfaa mkulima wa Umalila, ukifanywa kweli kwa wote.

Jambo hili haliwezi kusubiri, kwa sababu moja kubwa. Serikali imeagiza mifumo yake isomane, na kwenye afya faida zake ni kubwa: mgonjwa wa Mbarali akipewa rufaa kuja Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, historia yake ifike kabla yake, asirudie vipimo alivyokwisha kulipia. Naunga mkono. Lakini tujiulize nini kitampata yule anayepanda koasta hapa Uyole. Kinga yake pekee hadi leo ni umbali. Faili lake la Tukuyu liko Tukuyu. Siku mifumo itakaposomana bila mlango wa ndani, mwenzake wa Mbeya ataandika jina lake, na miaka yote ya nauli na mashangazi waliozikwa itakuwa kazi bure. Hatakuwa na Ikonda ya kukimbilia tena. Wengine wataacha dawa. Nasema hivi bila kutia chumvi, kwa kuwa wapo waliokwisha kuacha kwa hofu ndogo kuliko hiyo.

Basi mlango wa ndani uwekwe kabla. Kila mtumishi awe na paswedi yake, na anayemwazima mwenzake ahesabiwe amefungua yeye. Mfumo umruhusu mtu kuona wagonjwa wa kitengo chake tu. Akitaka zaidi aandike sababu, na sababu hizo zisomwe kila mwezi na mtu mwenye mamlaka ya kuuliza. Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga waseme waziwazi kwamba kufungua faili la mwenzako usiyemtibu ni kosa la kinidhamu, hata kama hukumwambia mtu. Na kila mgonjwa, mtumishi au mkulima, aweze kuomba orodha ya majina ya wote waliofungua faili lake, na tarehe zake. Apewe orodha hiyo na ofisi iliyo nje ya hospitali yake, asilazimike kumwandikia barua mganga mfawidhi, kwa sababu kuna siku jina la mganga mfawidhi nalo litakuwa kwenye orodha.